Shajara ya Pweza: kisukari cha paka, sindano saa 12 na saa 12

Siku ya 1

Naanza kuandika leo maana daktari wa mifugo kaniambia kitu kimoja cha kuondoka nacho, andika kila kitu, anachokula, anachokunywa, anachokojoa, saa na namba. Daftari ninalo, hili la vipimo vya wateja, mbele kuna mabega na viuno vya watu, nimeligeuza nyuma sasa huku ndo kwa Pweza.

Kwa asiyemjua, Pweza ni paka dume, kahasiwa, umri miaka 9 hivi, rangi ya chai ya maziwa, jina alilipata akiwa mdogo alipobeba mkono mzima wa pweza kwenye sufuria ya mama akapanda nao ukutani. Tunakaa Makorora, Tanga, mi nashona hapahapa nyumbani, yaani nashinda naye kutwa, anavyolala kwenye vitambaa anajua mwenyewe, na ndo maana imeniuma sana kwamba nimechelewa kuona.

Dalili zilikuwepo. Maji nilikuwa nambadilishia mara moja kwa siku, ikafika mara tatu na bakuli bado linakauka, nikasema ni joto la kaskazi hili kila mtu ana kiu. Akawa anakula kama anafukuzwa halafu mgongo unazidi kuchongoka, mkono ukimpitisha unahesabu pingili. Beseni lake la mchanga likawa zito hata kulinyanyua shida, mchanga umelowa mpaka chini. Halafu wakaja sisimizi. Mstari mzima unatoka kwenye ufa wa ukuta unaenda moja kwa moja kwenye beseni, wamezunguka pale alipokojoa kama wamemwagiwa chai. Mama akasimama mlangoni akaangalia, akasema "huyo ana sukari huyo, hata mie ilianza hivihivi, walinijia chooni." Mama ana kisukari mwaka wa 11 huu, nilimsikia lakini sikuamini kwamba paka naye anapata.

Anapata. Kliniki mashine imesoma 22.4 (milimoli kwa lita, namba zote za sukari humu ni hizo). Paka mzima anatakiwa awe kwenye 4 na kidogo mpaka 6 na kidogo hivi.

Siku ya 2

Daktari hakutaka kuanza dawa jana, na nimempenda kwa hilo. Kasema paka akiogopa sukari inapanda yenyewe, inaweza ikapita 15 na mnyama hana ugonjwa wowote, na Pweza alifika pale ndani ya kapu amelia njia nzima juu ya bajaji. Kuna kipimo cha damu kinaitwa fruktosamini kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa wiki mbili tatu nyuma, hicho hakidanganywi na woga, lakini hapa karibu hatukukipata, akasema basi tutumie mkojo wa nyumbani, akiwa katulia kwake.

Mkojo wa paka unaupataje? Nimetoa mchanga wote, nimeosha beseni kwa maji ya moto, nikaweka kokoto ndogo nilizozichemsha, nikaliinamisha upande mmoja kwa kipande cha tofali. Alinuna akazunguka nusu saa lakini mwisho kakojoa, mkojo ukateremka kona, nikachovya kile kikaratasi cha kupimia mkojo. Sehemu ya sukari imegeuka rangi mpaka ya mwisho kwenye chati. Sehemu ya ketoni, yaani zile asidi zinazotoka mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, haikubadilika, namshukuru Mungu, maana daktari alisema hiyo ikibadilika na paka kagoma kula au anatapika usisubiri asubuhi, mpakie umlete.

Damu ya paka inabidi ifike kama 14 au 16 hivi ndo figo zinashindwa kuizuia sukari inaanza kumwagika kwenye mkojo, na ikitoka inavuta maji, ndo kiu, ndo beseni zito. Nilipoelezwa hivyo kila kitu cha miezi miwili iliyopita kikajipanga kichwani.

Siku ya 3

Jioni hii nimekumbuka jambo nikampigia daktari. Mwaka jana Pweza alikuwa na muwasho shingoni, kuna mtu alikuwa anakuja kumchoma sindano, muwasho unakata siku hiyohiyo, ukirudi anamchoma tena, ilifika mara nne. Daktari kaniuliza sindano gani, nimemtumia picha ya kiboksi kilichobaki, akanyamaza kidogo. Ni steroidi, ile ya kukaa mwilini wiki nyingi. Steroidi inaufanya mwili usiisikie insulini, ile homoni inayoshusha sukari, na kwa dume aliyehasiwa, mnene, aliyevuka miaka 7, hiyo ni kusukuma mlango ambao ulishafunguka. Alikuwa na kilo 6.9 wakati ule na sisi tunamsifia "Pweza kanawiri". Nina hasira na yule mtu na nina hasira na mimi niliyekuwa namlipa bila kuuliza ni dawa gani.

Lakini daktari akasema neno nimeliandika kubwa: kisukari cha paka kinaweza kurudi nyuma. Ukikiwahi ndani ya miezi 6 ya mwanzo, ukakishika vizuri, wapo wanaoacha sindano kabisa. Kasema wapo, hakusema wote.

Siku ya 4

Insulini imeanza. Tunatumia glajini, insulini ya kukaa muda mrefu, ileile ya binadamu, yuniti 1 asubuhi na 1 jioni, kilo 5.1 ndo uzito wake leo. Tunampima kwa mizani ya kuning'iniza ya mjomba ya kupimia samaki, Pweza ndani ya kapu la ukindu, unatoa uzito wa kapu, basi.

Mama alitaka tumpe kipande cha kidonge chake, anavyo vingi kabatini, anasema mbona sukari ni sukari. Daktari kakataa katakata, paka vidonge vya watu vingi havimfai na vingine vinamuumiza, kwa Pweza sindano ndo njia. Halafu wakaanza kuongea kwenye simu mama na daktari, mama anasikiliza na miwani amevua, daktari anamwambia kwamba insulini ya paka imefanana zaidi na ya ng'ombe kuliko ya mtu, ya ng'ombe wametofautiana tofali moja tu kwenye ule mnyororo wake, ya mtu tofali nne, ila ya mtu inafanya kazi vizuri tu kwake. Na kwamba tangu watafiti akina Banting na Best walivyoitoa kule Toronto mwaka 1921, miaka mingi watu walikuwa wanachomwa insulini iliyokamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mama akasema "kumbe ng'ombe ndo walituokoa", tangu hapo hamsemi vibaya daktari wa ng'ombe.

Sasa bomba la sindano, hapa nusura niharibu. Duka la dawa walinipa mabomba ya mililita 1 ya insulini, nikafika nyumbani nikaliangalia kwenye taa ya cherehani, kila kistari ni yuniti 2. Mbili! Dozi ya Pweza ni 1, yaani nikisie katikati ya sifuri na kistari cha kwanza, unene wa uzi. Mtu mzima anayechoma 30 hiyo haimsumbui ila kwa paka ukikosea kidogo umempa mara mbili. Nimezunguka maduka matano na baiskeli mpaka nikapata ya mililita 0.3 yenye vistari vya nusu nusu. Daktari kanionya na lingine, zipo insulini za wanyama za nguvu ya 40 na mabomba yake ya 40, yetu ni ya 100, bomba na kichupa lazima viwe ndugu.

Nimenunua kalamu ya mililita 3 badala ya kile kichupa cha 10. Mililita 3 ni yuniti 300, Pweza anatumia 2 kwa siku, kile kikubwa kingeharibika kabla sijafika hata robo. Sichomi kwa kalamu yenyewe, haiwezi nusu, navuta kwa bomba kwenye kile kiraba cha mbele, hewa siingizi.

Saa 12 jioni nimemchoma mara ya kwanza peke yangu. Anakula, nakunja ngozi ya ubavuni inakuwa kama hema dogo, sindano inaingia mdomoni mwa hema, nasukuma, natoa. Hakugeuza hata sikio. Mimi ndo nilikaa chini nikasikia magoti yanacheza.

Siku ya 6

Kupima damu ndo kazi kuliko kuchoma. Sikioni, pembezoni kabisa, kuna mshipa unakwenda na ukingo, ukiweka tochi ya simu nyuma ya sikio unauona kama uzi mwekundu kwenye pindo. Unatoboa kati ya ule mshipa na ukingo wa nje, siyo mshipa wenyewe. Siku mbili nimetoboa haitoki kitu, paka kanikimbia, stripu tatu, vile vikaratasi vya mashine vya kunyonya damu, zimekwenda bure na bei ya stripu wenye mgonjwa nyumbani wanaijua.

Kilichonisaidia ni pasi. Nakunja kitambaa cha pamba, napiga pasi, najaribu kwenye kifundo cha mkono wangu kwanza kisiunguze, nakibana sikioni dakika moja huku namkuna kidevu. Sikio likipata moto damu inakuja yenyewe, tone dogo la duara kama kichwa cha pini, unasogeza stripu inalinyonya. Halafu nabana pamba pale mpaka ikauke, na baada ya hapo papo hapo anapata uzi mmoja wa kuku aliyechemshwa. Kila mara, hata nikikosa damu anapata. Leo alinifuata mwenyewe aliposikia pasi.

Mashine ni ya mama, ya watu. Kwa damu ya paka inasoma chini kidogo ya ukweli, daktari anajua hilo na namba zote anazisoma hivyo, muhimu nisichanganye mashine mbili. Na mstari alionipa wa kuanzia: asubuhi au jioni kabla ya sindano nikikuta chini ya 10, sichomi, nampigia.

Siku ya 11

Leo siku nzima ya kupima kila baada ya masaa mawili. Sijachukua kazi ya mtu leo. Nayaandika yote:

saa 12 asubuhi 21.3, saa 2 ni 19.0, saa 4 ni 16.2, saa 6 mchana 13.8, saa 8 ni 14.5, saa 10 ni 17.1, saa 12 jioni 20.6.

Ukiangalia 21.3 na 20.6 peke yake utasema dawa haifanyi kitu. Kumbe katikati imeshuka ikapanda tena, imefanya kazi ila haijashuka ya kutosha, shimo lake ni 13.8 na tunataka shimo liende 5 mpaka 8. Daktari kapandisha dozi hadi 1.5. Kasema dozi haipandishwi kwa namba moja mbaya, inapandishwa kwa siku nzima kama hii, na baada ya kupandisha unakaa wiki unaiacha izoee.

Siku ya 15

Umeme ulikatika jana saa 9 mchana mpaka usiku wa manane. Chumbani kwangu kipimajoto kimesoma 32, na kalamu ikishafunguliwa haitakiwi kupita 30. Barafu mtu anaikimbilia lakini insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka haifai tena na kwa macho huoni tofauti. Nimeiweka kwenye mfuko mkavu, nikaifunga kitenge, nikaiteremsha ndani ya mtungi mtupu wa udongo niliouzungushia gunia lililolowa, ukakaa barazani kwenye upepo. Ndani kilisoma 27. Unyevu wa Tanga hautaruhusu chini ya hapo lakini 27 inatosha. Mtungi umebaki kuwa wa Pweza sasa, mama kapeleka maji yake kwenye ndoo.

Siku ya 22

Miguu ya nyuma. Sijaiandika mwanzo kwa sababu nilikuwa naiogopa. Paka anatembea kwa vidole, Pweza alikuwa amekaa chini mpaka kwenye kisigino, ile fupa lote la nyuma limegusa sakafu, anatembea kama sungura, na ukuta aliokuwa anaurukia akawa anauangalia tu. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaumiza neva, ni kilekile kinachomfanya mama asisikie kokoto chini ya nyayo. Ila kwa paka huwa inarudi sukari ikishikwa, inachukua wiki hata miezi. Leo nimempiga picha kwa nyuma, nitampiga tena kila Ijumaa nilinganishe.

Siku ya 25

Siku ya kupima tena, imenichanganya. Asubuhi 17.2, mchana imeshuka mpaka 9.1 nikafurahi sana, saa 10 ni 11.4, halafu saa 12 jioni 23.5. Nimerudia kwa sikio la pili, 23.1. Haiwezekani ikaruka hivyo kwa masaa mawili, na jana jioni pia ilikuwa hivyo na juzi.

Siku ya 27

Nimepata. Nilimfuata Pweza saa 11 jioni, ameshuka barazani polepole na miguu yake ile, kapita uchochoro, kaingia ua wa bibi nyumba ya pili. Bibi kakaa kwenye kibao cha mbuzi, ana sahani ya bati, ubwabwa wa nazi na mchuzi wa changu juu, anaufinyanga kwa vidole vizuri auweke laini. Nikasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mbona mmemuacha kakonda hivi? Kila siku anakuja na njaa, mie nampa kidogo."

Sikujua niseme nini. Bibi meno hana mengi, anapika kidogo na anamgawia paka wangu kile kidogo. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamweleza taratibu kwamba paka maumbile yake ni nyama, mate yake hayana kile cha kuvunja wanga, na ini lake haliwezi sukari nyingi ikija kwa pamoja, kwa hiyo wali kwake ni kama mie nimpe mama juisi ya miwa. Bibi kashika kifua, "nimemlisha sumu?" Nikamwambia hapana bibi, umemlisha mapenzi, tubadilishe tu sahani. Tumekubaliana nitampelekea kikopo kidogo cha samaki wa kuchemsha kila siku mchana, yeye ampe kwa mkono wake saa ileile ya kwake, aniachie wali. Na akija na njaa kuliko kawaida au hakuja kabisa, aniambie.

Siku ya 30

Makopo yamefika kutoka Dar, nimeyachukua stendi ya Kange. Ya kulainika, nyama, wanga kidogo. Hizi biskuti kavu za paka nyingi zimejaa wanga hata zile zilizoandikwa hazina nafaka, ni vigumu kutengeneza kitu kikavu cha kuvunjika vile bila wanga wa kukishikilia. Nilikuwa nampa hizo nikajiona namtunza.

Watu wananiuliza Tanga hii samaki wamejaa kwa nini nisimpe samaki tu, soko la samaki la Deep Sea lile pale. Samaki nampa, lakini daktari kasema samaki peke yake kila siku hapana, samaki mbichi wengi wana kitu kinaharibu vitamini B1 na paka akiikosa anapata degedege, kwa hiyo nachemsha. Dagaa wakavu wana chumvi, naloweka nabadilisha maji mara mbili. Na mioyo ya kuku namwekea kwa sababu ya taurini, kirutubisho kilicho kwenye nyama, paka hawezi kuishi bila hiyo, macho na moyo wake vinaharibika. Kopo ndo msingi, hivi vingine vya juu.

Daktari siku ya 28 alipandisha dozi hadi 2. Aliona zile 23 za jioni. Nilimwambia habari ya ubwabwa lakini makopo sikumwambia, hata halikunijia kichwani kwamba ni jambo la kumwambia.

Siku ya 34

Naandika mkono bado unatetemeka na ni usiku.

Asubuhi 12.6, nikachoma 2 kama ilivyoandikwa. Alikula nusu kopo. Saa 6 mchana niko kwenye gauni la harusi nimeita "Pweza, samaki wa bibi", hakuja. Nimemkuta nyuma ya gunia la vipande, macho makubwa meusi, kichwa kinayumba, nikamsimamisha akaanguka kwa upande. Sikio. 2.3.

Asali ilikuwa kwenye rafu ya mama. Nimechovya kidole nikapaka ufizi, ndani ya shavu, kidogo kidogo, sikumimina maana akiwa hajitambui inaingia mapafuni. Mama kashika saa. Dakika 15, 3.1. Nikapaka tena. Akaanza kulamba midomo. Dakika 15, 4.6, akala kijiko cha kopo mkononi kwangu na kijiko cha biskuti za zamani zilizobaki, hapo wanga ndo tuliutaka. Nimempima kila nusu saa mpaka saa 10. Bibi alikuja mwenyewe kuuliza mbona leo hakufika, akakaa na sisi na tasbihi yake mpaka Pweza alipoinuka akaenda kunywa maji.

Daktari hakunigombeza ila alisema wazi. Ubwabwa umeondoka, biskuti zimeondoka, wiki moja hiyohiyo dozi imepanda. Chakula kikipungua wanga dozi nayo inashuka, tulimtoa mzigo begani huku tunaendelea kumsukuma. Jioni hii hakuna sindano. Kuanzia kesho 1 tu. Na kasema kesho nisishtuke nikiona namba kubwa, ini limemwaga akiba yake ya sukari kujiokoa, niiache itulie nisiikimbize kwa dozi.

Nimebandika karatasi kwenye friji, moja kwangu moja kwa mama: nikibadilisha chakula, simu kwanza. Na chupa ndogo ya asali iko na kamba imening'inizwa msumarini pembeni ya cherehani, haiondoki pale.

Siku ya 35

Asubuhi 20.9. Nimechoma 1.

Siku ya 47

Siku nzima ya kupima: 11.8, 9.9, 7.6, 6.2, 6.9, 8.8, 10.7. Nimeisoma kwa sauti mama akapiga vigelegele kimoja kidogo, wateja wawili wakageuka.

Maji bakuli moja halimalizi. Kilo 5.3.

Siku ya 61

Mvua za masika, hakuna jua la kuanikia kitu. Jana nilichoma nikasikia baridi kidoleni, dawa imetokea upande wa pili wa ngozi imeishia kwenye manyoya. Nimenusa kidole, ile harufu ya dawa kama bendeji. Kiasi gani kimeingia sijui, kwa hiyo sikurudia, unaacha mpaka zamu inayofuata, namba ikipanda kwa masaa 12 haitamuua, dozi mbili zingeweza. Jioni alikuwa 15, asubuhi 9.8, sikuchoma, nikapiga simu.

Tumeshuka hadi 0.5.

Siku ya 78

Picha za Ijumaa nimezipanga nane. Ya kwanza kisigino kiko sakafuni kabisa. Ya tano kuna mwanga unapita chini. Ya nane anatembea kwa vidole, mguu wa kushoto bado unalegea akichoka. Leo asubuhi nimemkuta juu ya kabati la vitambaa, sijui amepandaje, nilisimama pale na kikombe cha chai nikalia.

Siku ya 96

Asubuhi 6.1, jioni 5.7. Wiki nzima hakuna iliyofika 8. Daktari kaja mwenyewe, alikuwa na ng'ombe wa kumuona mtaa wa juu, kakaa barazani kalifungua daftari ukurasa kwa ukurasa kwa kidole. Kasema tuache sindano, tupime asubuhi na jioni wiki mbili, chakula kisiguswe hata kidogo, na steroidi asipewe tena maishani ila yeye akijua. Nimeliandika hilo kwenye kadi na nimemsomea kila mtu wa nyumba hii.

Saa 12 jioni ilipofika niliinuka kufungua friji kwa mazoea. Pweza naye kaja kukaa pale anaposubiria. Nilimpa kuku wake.

Siku ya 110

Siku 14 bila sindano. Ya juu kabisa 7.0, siku ya mvua kubwa na radi, ya chini 4.8. Mkojo nimepima kwa kokoto zilezile, sukari hakuna. Kilo 5.6, daktari kasema hapohapo, asivuke 6.

Inaweza kurudi, wapo ambao inarudi, kwa hiyo kuanzia sasa ni mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi kabla hajala, na nikiona 8 mara mbili au bakuli la maji limekauka nampima siku hiyohiyo. Kalamu iliyofunguliwa nimeitupa muda wake ulishapita, iko mpya moja haijafunguliwa mlango wa friji. Stripu zimebaki 31. Bibi kauliza kama sasa wali kidogo tu wa Ijumaa unaruhusiwa, nimemwambia hapana bibi, kacheka, kamchambulia changu miiba.